Wageni Waliokuja Kuliona Vumbi

Mimi ni mwanamke fundi cherehani, na ninachoshona zaidi ni mabuibui. Mtu anayeijua Pongwe upande wetu akisikia hivyo hucheka kwanza, kisha hunipa pole. Kushona nguo nyeusi nyuma ya tanuri la chokaa ni kazi ya mtu asiye na akili au asiye na pa kwenda, na mimi nikijipima kwa haki ninazo sifa zote mbili. Buibui nalianza asubuhi likiwa jeusi tititi, adhuhuri limeshakuwa la kijivu, na mteja akija saa kumi ananiuliza kama rangi hiyo ndiyo iliyoingia sasa. Namjibu ndiyo. Ningesema nini?

Tanuri lenyewe liko kusini mwetu, ukishapita tu kipande cha mkonge uliotelekezwa. Wanachoma mawe, wanayamwagia maji yapasuke yawe unga, wanauchekecha unga huo mahali peupe, halafu wanaujaza kwenye viroba kwa koleo. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, kila kisichoingia kwenye kiroba kinaingia kwetu. Kinaingia kwenye sufuria, kwenye kikombe, kwenye msahafu ulioufunga na kuuweka juu ya kabati. Kisamvu tunakiosha mara tatu kabla ya kukitwanga. Maji tunayokinga kwenye bati yana ukungu, na sabuni haitoi povu. Jirani yangu, tuliyegawana naye ukuta, alikuwa na kuku mweusi, akatangaza mtaa mzima kwamba ameibiwa, akanitazama mimi kwa jicho baya siku mbili nzima, kumbe kuku wake yumo humo humo uani anadonoa, ila amekuwa mweupe. Mvua iliponyesha ndipo tukapatana.

Na msidhani tanuri lilianguka kwetu kwa bahati. Hapo mwanzo lilitakiwa kujengwa ng'ambo ya barabara, karibu na zile nyumba za vigae. Wenye vigae wakapiga simu moja tu. Sisi siku hiyo hatukuwa na mtu wa kumpigia, basi likaja upande wetu, na mwenye tanuri mwenyewe anaishi mjini kule Raskazone, anakopulizwa na hewa ya bahari. Hasira yangu ilianzia hapo. Vumbi nalivumilia, kuchaguliwa kulila ndiko kulikoniudhi.

Haya yote ningeendelea kuyanung'unikia kwenye cherehani yangu mpaka nizeeke, lau si mama. Mama yangu ana pumu. Naishi naye kwenye nyumba aliyoijenga baba kwa mikono yake, chumba kimoja kila miaka kadhaa, na kaburi la baba liko nyuma ya msikiti, linaonekana dirishani kwetu, mama huenda kulizuru kila Ijumaa. Mwaka huo kusi lilipoanza kifua chake kikawa kinapiga filimbi. Akipanda ngazi mbili za barazani lazima asimame ajifanye anatazama kitu. Nikampeleka zahanati. Daktari, kijana asiyependa maneno mengi, akamsikiliza mgongoni, akaniita pembeni.

"Mama huyu ama aondolewe kwenye vumbi, ama vumbi liondolewe kwake," akaniambia. "La tatu sina."

Kaka yangu anayekaa Muheza alipopata habari hizo akachagua lile la kwanza papo hapo. Ana nyumba kubwa, ana uwanja, ana michungwa. Akaja na mkewe kumwambia mama ajiandae.

"Muheza nikafanye nini?" mama akamuuliza. "Nikalinde machungwa? Baba yako nimwache na nani?"

"Mama, baba ameshafariki."

"Najua kafariki, mimi ndiye niliyemzika! Waniambia habari za mume wangu?" Akageukia ukuta, akakohoa, akarudi. "Mimi hapa natoka kwa jeneza."

Kaka hakutaka kugombana na mzazi, akanigombeza mimi. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata: kama tanuri halijafanywa kitu, atakuja na gari la kubebea mizigo amchukue, apende asipende. Nilijua atafanya. Nilijua pia kwamba mama akitolewa pale hatadumu, kwa sababu mwanamke aliyeishi na kaburi la mumewe dirishani huwezi kumwambia akaanze maisha mapya na michungwa. Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja na siku kadhaa za kulishinda tanuri.

Nikaandika barua. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee mpole anayependa amani hata pale isipotakiwa, akaipiga muhuri. Tukaomba watu wa afya na mazingira waje walione vumbi kwa macho yao. Nikapita nyumba kwa nyumba kutafuta saini. Jirani yangu wa ukutani alisita, maana mumewe ni mpakiaji pale pale tanurini. "Tanuri likifungwa tutakula saini?" akaniuliza. Nikamwambia hatutaki lifungwe, tunataka lifunikwe. Akatia saini, lakini kwa herufi ndogo sana.

Mimi pia nikajiandalia ushahidi. Nilikata kitambaa cheusi cha buibui, kipya, nikakianika uani kwenye kamba, nikaazimia kukiacha wiki nzima bila kukigusa. Siku ya tatu tu ungedhani ni cha kanzu.

"Mama, kitambaa hiki kisiguswe," nikamwambia.

"Kina nini?"

"Ni ushahidi."

Akanitazama kwa huruma, kisha akaenda zake jikoni.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu mama, na kwa kweli kuhusu sisi sote. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwambia mtu kwamba hali yake si njema. Aliwahi kuteleza kisimani akavunjika mkono, tulipofika hospitali muuguzi akamuuliza, "Waonaje hali, mama?" naye, mkono unaning'inia, akajibu, "Njema, alhamdulillahi." Muuguzi akamwambia basi akae kwenye foleni. Ndivyo tulivyolelewa. Salamu hujibiwa kwa wema kwanza, msiba hufuata baadaye, tena mpaka uulizwe mara ya tatu. Hata anayekuja kukuarifu kifo huanza kwa njema. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado halikunijia akilini siku ile nilipokuwa naandika barua.

Jibu likaja mapema kuliko tulivyotegemea: watafika Alhamisi saa nne. Niliruka kwa furaha. Bahati mbaya Jumanne ya wiki hiyo hiyo nilikuwa na mabuibui ya harusi ya kupeleka Muheza, na bibi harusi alikuwa wa aina ya wale wanaotaka kupimwa, kukatiwa, kupimwa tena. Nikalala kwa kaka siku mbili. Nikiwa huko ndipo mwenyekiti alipoandika kwenye group letu la WhatsApp: "Alhamisi tunapokea WAGENI kutoka mjini. Akina mama, naomba tusiaibike."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa na pini mdomoni. Ningekuwa na akili ningezitema zile pini, nikapanda gari saa hiyo hiyo. Sikufanya hivyo. Niliona neno "wageni", nikaona ni kawaida, nikaendelea kubana pindo.

Alhamisi asubuhi niliposhuka Pongwe nilidhani nimekosea njia. Barabara yetu ilikuwa imemwagiwa maji, imefagiliwa, mistari ya ufagio imepangika utadhani imechorwa kwa rula. Miti ya mikungu ya barazani, ambayo sikuwahi kuiona majani yake ni ya rangi gani, ilikuwa ya kijani kibichi. Wanawake walikuwa wamepanda juu ya viti na kuifuta jani kwa jani kwa matambara. Bati zilikuwa zimeoshwa. Kuku wa jirani yangu alikuwa mweusi. Na kuta za nyumba, Mola wangu, kuta zote za mtaa zilikuwa zimepakwa chokaa mpya nyeupe.

"Chokaa mmeipata wapi?" nikamuuliza jirani.

"Tanurini," akanijibu kwa fahari. "Msimamizi katupa viroba vitatu, bure. Kasema na yeye asingependa wageni waukute mtaa mchafu. Na leo wamezima moto, eti matengenezo."

Nilikimbia nyumbani. Kamba ilikuwa tupu. Kitambaa changu kilikuwa kwenye kiti cha cherehani, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne, kinanukia udi.

"Mama! Ushahidi wangu!"

"Nimekuona una kazi nyingi, nikakusaidia," akasema. Alikuwa amevaa khanga mpya na anapumua kwa taabu, maana mikungu yetu aliifuta yeye mwenyewe. "Nikaona haya, mwanangu. Wageni waje wakute kitambaa kichafu kamba nzima? Watasema nyumba hii haina mwanamke."

Papo hapo hodi ikapigwa.

Walikuwa wawili. Bwana afya, mtu mzima mwembamba mwenye faili, na binti mmoja wa mazingira aliyevaa buibui zuri la kukata na shoka, ambalo mimi kama fundi nililitazama pindo kwanza ndipo nikamwona mwenyewe. Wakakaribishwa kwetu kwa kuwa barua ilikuwa yangu. Wakaletewa madafu. Wakaletewa vitumbua, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na kachumbari. Wanawake wa mtaa walikuwa wamechangishana bila kunishirikisha, nadhani walijua nitasema nini.

Bwana afya akala vizuri, akanawa, akafungua faili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo? Mmefika salama?"

"Salama. Waonaje hali hapa kwenu?"

"Njema, alhamdulillahi."

Akaandika. Niliiona kalamu ikienda. "Na afya?"

"Twamshukuru Mungu."

Akaandika tena. Akamgeukia jirani yangu, jirani akasema salama. Akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akasema mtaa wetu una mshikamano mkubwa. Mimi sikuweza tena kukaa. Nikasema hapana, si njema hata kidogo, mama ana pumu, siku ya kawaida hapa hamuonani, leo moto umezimwa na majani yamefutwa kwa mkono! Nilisema kwa sauti ambayo haifai mbele ya watu waliotoka kula. Mama akanigusa goti, akawatabasamia wageni.

"Msimjali," akasema. "Huyu ana hasira tangu mdogo."

Kisha akaomba udhuru, eti anaangalia chai. Nikamsikia jikoni akikohoa na khanga mdomoni. Akarudi, akakaa, akatoka tena. Mara tatu. Bwana afya alikuwa anasifia wali. Yule binti aligeuza kichwa kuelekea jikoni, akanitazama, kisha akatazama chini.

Baada ya siku kumi barua ikaja. Mwenyekiti aliisoma mbele ya watu na kuipiga picha akaituma kwenye group pamoja na maua matatu. Tulipongezwa. Mtaa wetu ulionekana kuwa safi, wakazi wenye afya na ukarimu, na ikapendekezwa mitaa mingine ije ijifunze. Vigelegele vikapigwa. Mama akaniuliza fremu inauzwa wapi.

Moto ulikuwa umewashwa tena tangu Ijumaa. Mikungu ilikuwa imeshakuwa myeupe.

Msiniulize nilimwambia nini mama siku hiyo, yapo niliyojutia. Lakini moja silijutii. Nilimwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mama umeyaficha kwa wali na samaki!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa kwenye mkeka akavuta pumzi kwanza, kwa sababu siku hizo ilibidi avute pumzi kabla ya kuanza sentensi.

"Ulitaka nimwambie mtoto wa watu, aliyefunga safari, ameketi kwangu, kwamba hapa ni pachafu? Nyumba ya baba yako?"

"Nilitaka useme unaumwa!"

"Sijui kusema hivyo," akasema. "Sikufundishwa."

Nilitoka uani nikalia kwa hasira, na pia kwa hofu, maana mwezi wa kaka ulikuwa unaisha. Nikakianika kile kitambaa upya, safari hii juu ya paa la choo ambako mama hawezi kufika. Siku ya sita nilikitia kwenye mfuko wa nailoni kikiwa vile vile, nikaenda mjini ofisini kwao.

Bwana afya hakuwapo. Nikamkuta yule binti. Sikutoa hata salamu, na hilo kwetu ni sawa na kuvunja dirisha. Nikafungua mfuko, nikakikung'uta kitambaa juu ya meza yake. Karatasi zikawa nyeupe, kikombe chake cha chai kikawa na maziwa ambayo hakuyaomba, akapiga chafya.

"Hilo ni vumbi la siku sita," nikamwambia. "Mama yangu amelala nalo siku zote sita."

Alijifuta pua, akatazama meza. "Lakini dada, mama mwenyewe alisema njema."

"Mama yangu atasema njema hata akiwa ndani ya sanda!"

"Na mtaa ulikuwa unang'aa."

"Kwa sababu mlipiga hodi siku kadhaa kabla! Mlikuja kuliona vumbi au kutuona sisi? Mkisema mnakuja, sisi tunafagia. Mkija kuangalia njaa, tutakopa mchele tuwapikie. Ndivyo tulivyo. Njoo bila kusema."

Akakung'uta karatasi moja. "Utaratibu ni barua itangulie," akasema. Halafu akashusha sauti. "Nilimsikia akikohoa jikoni. Mara tatu. Nina bibi yangu kule Mkwaja, yuko hivyo hivyo. Siwezi kukuahidi kitu, dada."

Nikarudi nyumbani bila ahadi, na Jumamosi kaka akaja na gari.

Alikuja asubuhi, na asubuhi hiyo tanuri lilikuwa linapakia. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mtaa tangu alfajiri. Wakapakia godoro la mama, sanduku lake, mbuzi yake ya kukunia nazi ambayo alikataa kuamini kwamba Muheza zipo nyingine. Wanawake wakaja kuaga. Mama alikuwa ametoka kaburini kwa baba. Sikuuliza alichomwambia baba. Aliketi kizingitini amejitanda khanga, na kila aliyemuuliza hali alimjibu njema. Kaka alikuwa hamtazami. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa nyumba utadhani naiuza mimi.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka yule binti. Peke yake, na lile buibui lake zuri.

"Yarabi!" mama akainuka. "Mgeni! Na nyumba iko hivi!" Huzuni yote ikamtoka, akaurukia ufagio. Nikaurukia na mimi. Tukaushika wawili, yeye kwenye chelewa, mimi kwenye mpini, tukavutana mbele ya mtaa mzima.

"Niachie, wanitia aibu!"

"Siachi!"

"Mwanaharamu wee, niachie nifagie!"

"Mama, baba yangu unamjua wewe! Siachi!"

Wakati tunavutana, binti wa watu akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Hakuna aliyekuwa amekifuta. Mama aliona, akaachia ufagio ghafla, mimi nikakaa chini kwa kishindo.

"Mwanangu, usikae hapo! Inuka!"

Akainuka, akageuka. Buibui lile lilikuwa na duara jeupe nyuma, kubwa, la kiti kizima. Mabega nayo yalikuwa yameanza. Jirani yangu akacheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Lakini mama hakucheka. Alilitazama lile duara kama mtu aliyefumaniwa. Miaka yote hiyo vumbi lilikuwa linamla yeye, na hilo alilimeza. Sasa lilikuwa limemchafua mgeni, nyumbani kwake, juu ya kiti chake.

Akamsogelea, akaanza kumpangusa kwa upindo wa khanga, huku anaomba radhi. "Tusamehe, mama, tusamehe sana." Alivyozidi kupangusa vumbi likazidi kuinuka, likamwingia. Akakohoa. Akajaribu kulimeza kohozi, likakataa. Safari hii jikoni kulikuwa mbali. Alikohoa mpaka akawa anaanguka, binti akamdaka, wakakaa chini pamoja kwenye lile vumbi, buibui na khanga vyote vikawa rangi moja. Kaka alitoka kwenye gari mbio. Nikaleta dawa yake ya kuvuta. Tulingoja, mtaa mzima, kifua kile kimoja kifunguke.

Kilipofunguka, binti alikuwa bado amemshika mkono. Akamuuliza polepole, kwa adabu zote, lile lile aliloulizwa siku ya wali.

"Waonaje hali, mama?"

"Nje..." mama akaanza. Ulimi ulikwenda wenyewe. Akasita. Akatazama gari lenye godoro lake, akatazama duara lile jeupe.

"Si njema, mwanangu," akasema. "Si njema hata kidogo. Siwezi kupumua hapa. Na hapa ndipo kwangu."

Mimi nina zaidi ya miaka arobaini, na hilo nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kaka alijifunika uso kwa kofia yake. Kisha kitu cha ajabu kikatokea: jirani yangu akasema na yeye si njema, mumewe halali kwa kikohozi. Mwingine akasema macho ya mwanawe. Mwingine, ngozi. Zilikuwa salamu za aibu kubwa kabisa, zimetoka zote kwa pamoja, na binti ameketi chini anaandika, kalamu haishiki kwa unga. Alipomaliza akaondoka kwa miguu kuelekea tanurini, hivyo hivyo alivyo. Wanasema msimamizi alipomwona alidhani ni mmoja wa wapakiaji wake.

Sitawadanganya kwamba tulishinda kama wenye vigae walivyoshinda, kwa simu moja. Tanuri lilisimamishwa mpaka lijenge banda la kuchekechea na liweke mipira ya kunyunyizia maji. Kwa majuma yale mume wa jirani alikaa bila kazi, na jirani hakunisemesha. Mchuzi ulipokuwa ukipikwa kwake nilikuwa napata harufu tu. Niliona ana haki. Gharama ya sisi kupumua ilikuwa imewaangukia wao. Lilipofunguliwa tena, mumewe alirudi kazini amejifunika pua na mdomo, na siku moja sahani yangu niliyompelekea chakula siku nyingi nyuma ikarudishwa juu ya ukuta ikiwa na mkate wa kumimina. Tukaanza upya. Vumbi bado lipo kidogo, hasa wakisahau maji. Wakisahau, naenda na kitambaa.

Kaka alikubali kumwacha mama, akaondoka siku ile kwa mchanganyiko wa furaha na ghadhabu, akasahau kushusha godoro. Mama akalala kitandani kwangu siku tatu, mimi nikalala kwenye mkeka, na godoro lilirudi likiwa na kapu la machungwa juu yake.

Tatizo ni kwamba mama, akishakijua kitu, hakiachi. Siku hizi ukimuuliza hali anakwambia. Atakwambia magoti, atakwambia jicho la kushoto, atakwambia ndoto aliyoota na choo alichopata. Mwenyekiti amebadilisha njia ya kwenda msikitini. Ile barua ya pongezi imo ndani ya fremu ukutani, hataki itolewe. Anasema samaki wale walikuwa wa pesa nyingi.

Juzi kusi limeanza tena. Niliamka mapema nikamkuta barazani, amepanda ngazi zote mbili, anautazama mkungu.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Njema."

Nikashtuka. Nilimzunguka, nikapiga magoti, nikaweka sikio langu mgongoni kwake juu ya khanga, nikasikiliza. Akaniacha nisikilize mpaka nikatosheka.

"Nimekwambia njema," akasema. "Leo ni kweli."